Mkeka Ndani ya Selo

Nyar Sindo, mke mwenzangu,

Ulikufa wakati wa palizi ukaniachia mashamba mawili na jembe moja bovu. Hilo sijasamehe. Lakini leo nina furaha, na hakuna wa kumwambia kama wewe, maana sasa huwezi kunikatiza.

Unakumbuka watoto walivyokuwa wakisomea kwenye veranda ya kanisa, wakifukuzwa kila penye mazishi? Saruji ya serikali ikaja, mabati yakaja, tukapiga vigelegele. Kumbe ni ya selo! Ile ya zamani, ulimolazwa wewe kwa kupika pombe ya chang'aa ukitafuta karo ya binti yako Akinyi, ati imekuwa ndogo. Nikasimama kwenye baraza: "Chifu, imejaa kwa sababu vijana hawana shule. Jenga kubwa, hiyo pia itajaa." Akaniambia, "Mama, kaa chini." Nikakaa. Lakini si pale alipotaka.

Fundi alikuwa Ochieng', mume wa Akinyi. Mkwe wako, kwa hivyo wangu. Kuta zilishasimama, vilibaki vyuma vya madirisha na mlango. Asubuhi nikaingia na mkeka wangu na lile blanketi lako jekundu, nikatandika katikati, nikajilaza. Basi! Pakawa chumba cha kulala cha mama mkwe, na mkwe hakanyagi humo. Ochieng' kuona hivyo, mwiko wake wa uashi chini, mbio mpaka barabarani kama ameona chui.

Chifu akafoka, "Ingia umalize kazi!"

"Mama mkwe amelala humo, chifu."

"Basi mimi nitamtoa!"

Nikaita kutoka ndani, "Karibu, mkwe! Binti wa kaka yangu hajambo?" Mwanamume alikuwa amesahau ameoa wapi! Mguu wake ulibaki hewani, Nyar Sindo. Wanawake wa sokoni walicheka mpaka kuku wakala dagaa zao za omena. Akatuma askari wa kutoka mbali, asiye mkwe wa mtu. Huyo akakuta wale wanawake nao wanaingia na mikeka, akarudi alikotoka.

DO, mkubwa wa chifu, alipoitwa, alitukuta tumekaa na watoto, wanaimba a, e, i, o, u. Nikamuuliza, "Wewe ulisomea selo gani?" Akacheka. Akasema selo ya zamani inatosha, hii iwe darasa. Ochieng' akapanua madirisha, lakini kwanza nilitoa mkeka. Heshima ni heshima.

Sasa Akinyi anafundisha humo. Watoto wakienda nyumbani, sisi wazee tunaingia kusoma ngumbaru, kwa Kiswahili, si lugha yetu ya nyumbani, kwa hivyo nivumilie. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nimekaa pale pale nilipotandika. Binti yako ananigombeza herufi zikipinda. Sauti ni yako kabisa! Leo nilitaka kumjibu kama nilivyokuwa nikikujibu wewe, nikajikuta nalia na kucheka pamoja. Usiringe.

Lala sasa, Nyar Sindo. Blanketi lako nimelifua. Mjukuu wako akianza darasa la kwanza, nitamshika mkono mpaka mlangoni. Na wakileta vyuma tena, mkeka uko.

Mwenzako,
Nyar Lambwe