Samaki Anayefuata Taa

Katandala,
Sumbawanga.
11 Februari 2025

Mpendwa kaka Jastin,

Shikamoo. Hujambo huko Mtwara? Kile kifua kimepona? Sisi huku wazima, mvua kila siku, baridi ile ile, mahindi yamefika kiunoni. Simu zangu hupokei, ndo maana nakuandikia. Barua huwezi kuikata.

Kaka, si unaikumbuka ile kompyuta mbovu? Nimeitengeneza mwenyewe, kwa kuangalia video tu, na inawaka. Sasa nina gemu moja humo, balaa. Chombo chako kimeanguka sayari nyingine, huko ni maji matupu, unazama kutafuta chakula huku pumzi inakuishia. Na kuna samaki. Mrefu kama mtumbwi, jicho moja kama sinia, mdomo unafunguka pande nne. Wamemtunga tu, najua, lakini namkimbia.

Jumapili tumetoka misa, mvua ikatufungia ndani, Bibi akakaa nyuma yangu anachambua maharage. Nimeliwa mara tatu. Nikifika kwenye giza nawasha taa nione njia, nikiwasha tu, huyo hapo. Mara ya nne Bibi akasema, "Zima taa, mke mwenzangu. Unamwita halafu unamkimbia?"

Nikazima. Samaki akapita juu yangu taratibu, akaenda zake. Bibi akacheka, kaka. Tangu Babu azame kule Kirando sijawahi kumsikia akicheka, na ziwa hata kulitaja alikuwa hataki.

Siku hiyo akalitaja. Akanieleza taa ya karabai inavyoita dagaa usiku, dagaa wakamwita mgebuka aje kuwala, na Babu alivyokuwa akiwatukana migebuka kama watoto wake. Halafu mikono ikasimama kwenye maharage.

"Ziwa lilichukua mume wangu mkubwa, mdogo likanirudishia," akasema. "Sasa huyu mdogo nani kamchukua?"

Bado anakuita hivyo, mume wake mdogo.

Najua unachowaza. Mlitoka wewe na Babu kwa mtumbwi, ukarudi peke yako, ukaona Bibi hatataka kukuangalia usoni. Ukaondoka hata arobaini haijafika. Basi nimemuuliza waziwazi kama anakulaumu. Akaniambia, "Kwani upepo ulikuwa wa Jastin?" Akaendelea na maharage yake.

Misa ya Babu ni tarehe 15 Machi, Kirando. Bibi amesema bila wewe haendi, na akishasema unamjua. Njoo, kaka. Mimi mwenyewe nitakuja stendi.

Shangazi Adela anakusalimu, Modesti wake pia, anasema viatu ulivyomwachia vishambana. Mungu akufunike njia nzima.

Mdogo wako akupendaye hata ukimkatia simu,
Herieth

N.B. Basi likichelewa usiogope giza la huku. Bibi amenituma nikanunue taa, nimeifunga mlangoni. Amesema iwashwe kila jioni mpaka ufike.