Likizo ya Mama Yupi?

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana ruhusa ninayo mkononi na miguu imegoma kutoka. Mimi ni fundi cherehani katika kiwanda cha sare za shule, kazi yangu ni kola tu, kola asubuhi mpaka jioni, na tangu niajiriwe sijawahi kwenda likizo hata ile ya mwaka. Miezi michache iliyopita mama alifariki, nikaenda kwa msimamizi machozi yananitiririka, akanipa pole, akachomoa kalamu, halafu akauliza, "Mama mzazi?" na mimi kwa ujinga wangu wa kusema kweli nikajibu, "Ni mama mdogo, lakini ndiye mama." Kalamu ikarudi mfukoni. "Dada yangu, likizo ya msiba ni ya mzazi. Mama wadogo kila mtu anao, tukiwaruhusu wote nani atashona?"

Mshauri, aliyenizaa aliniacha sijaanza hata kutambaa, akaenda kuolewa mbali, na mdogo wake ndiye aliyenibeba mgongoni, akakesha nami nilipougua surua, akauza vitenge vyake ili nijifunze ushonaji. Nilirudi kwenye mashine. Wakati wanamfukia mimi nilikuwa nashona kola, na jioni kola zote zikarudishwa kwa sababu nilizishona ndani nje.

Sasa juzi aliyenizaa naye amefariki, mtu niliyemjua kwa sauti ya simu tu, tena kwa nadra. Mimi sikuomba chochote, ndugu ndio waliopiga simu kiwandani, na msimamizi akaja mwenyewe mpaka kwenye mashine yangu, akanishika bega: "Pole sana dada. Huyu sasa ndiye mama. Nenda kazike, mshahara wako hautaguswa." Wenzangu wakalia, mimi macho makavu kama jiwe. Maziko ni Jumamosi, palepale nyumbani kwao alipolala mama mdogo. Je, nikiichukua likizo hii si nitakuwa mwizi, nimlilie mama mdogo kwa ruhusa ya aliyenizaa? Natamani nimwambie msimamizi akae na likizo yake. Nakusikiliza kila siku hapa redioni, tafadhali nijibu kabla basi halijaondoka.

Wa Kola

Wa Kola, pole. Pole mara mbili, na ile ya kwanza imechelewa.

Acha kujiita mwizi. Kanuni za kazi yenu zinasema mzazi, na mzazi amefariki, basi. Hakuna mahali zinapodai machozi kama kiingilio. Ukimrudishia msimamizi likizo hiyo hatajifunza kitu, atapata kola zaidi tu.

Sasa nikugombeze, na hili linaniuma kulisema. Likizo ya msiba ni moja, likizo ya mwaka ni nyingine. Siku za kwenda kumzika mama yako yawezekana ulikuwa nazo tayari, zimelala, ungeweza kuziomba asubuhi ileile. Hakuna aliyekuambia, nawe hukuuliza. Ulilichukua neno la msimamizi mmoja ukalifanya sheria ya nchi! Kalamu kurudi mfukoni si hukumu, mwanangu.

Kwa hiyo ukirudi, mwone ofisa utumishi, si msimamizi. Omba kwa maandishi likizo yako ya mwaka, na umuulize waziwazi: aliyelelewa na mama mdogo au bibi, mkataba unamhesabuje? Akikuzungusha, nenda chama cha wafanyakazi, au ofisi ya kazi. Wewe limeshakupita, najua. Lakini yupo mwenzako wa mashine ya jirani aliyelelewa na bibi, na bibi huyo anazeeka. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, ila mikataba ya kazi hawakuiandika wao.

Haya, funga mkoba. Mzike aliyekuzaa kwa heshima zote, naye alikuwa na ya kwake ambayo mimi na wewe hatutayajua. Kisha jitenge, nenda kwenye lile kaburi ambalo hukuliona likifukiwa, ukae chini. Huko ndiko machozi yatakapokukuta. Ndugu watakuja kukuvuta mkono wakisema umekosea kaburi, msiba uko kule. Usibishane nao. Na wakikuuliza unamlilia nani, safari hii usifafanue. Sema, "Mama."