Bomba la Tumbaku na Mkono wa Shangazi

Baba,

Shikamoo. Nimekusalimu kwa heshima, lakini nina hasira na wewe.

Shangazi Kabula wamempiga. Dada yako wa tumbo moja! Ulipoanguka shambani Sikonge, povu mdomoni, miguu ikitapatapa kama ya mbuzi anayechinjwa, watu waliona kibuyu cha wanzuki, pombe ya asali, alichokuletea, wakaamua ndiyo sumu. Kabla hatujaanua matanga wakamburuta nje kwa nywele. Masanja, mwanao wa kwanza, ndiye aliyemvunja mkono kwa mpini wa jembe. Niliingia katikati na mchi, nikampiga kaka yangu kichwani, damu ikamjaa machoni. Sijutii.

Sumu uliitia mdomoni mwenyewe, Baba. Bomba la kupulizia dawa kwenye tumbaku lilipoziba, ulifungua kichwa chake ukakipuliza kwa mdomo, kama wafanyavyo wote huko. Nilikukataza. Ukacheka, ukasema dawa ya wadudu inaua wadudu.

Kazi yangu ni kupima damu za watu hapa Tabora mjini, kwa hiyo niliwaeleza wanakijiji nilichosoma. Mwilini kuna protini inayofuta amri ya misuli kukaza. Ile dawa hujibandika kwenye protini hiyo, nayo protini haifuti tena. Misuli inaamriwa bila kupumzika, chembe zake zinaunguza sukari na hewa mpaka zinachoka kabisa, mapafu nayo yanajaa maji. Ndivyo kifua chako kilivyoshindwa. Walinisikiliza vizuri tu. Kisha Masanja, bandeji kichwani, akauliza:

"Wote tunapuliza. Nani aliituma imshike baba peke yake?"

Wakaitikia kwa vichwa. Nilitaka kumtafuna.

Shangazi anakaa kwangu Chemchem. Mkono umeunga vibaya, hawezi kusonga ugali. Wala haulilii. Anachokililia ni kwamba hajakutia udongo kaburini, na wamesema akikanyaga huko watamchoma moto.

Nimekukumbuka, Baba, hata ubishi wako nimeukumbuka. Jumamosi nampeleka. Tutafika mchana, watu wote wakituona, naye atatia udongo wake juu yako. Anayetaka kumgusa ataanza na mimi.

Lala salama. Ukisikia vishindo hapo juu, usishtuke, ni mimi na dada yako.

Binti yako,
Nyamizi