Sina Pingamizi

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba mapacha wameacha kugombania kiti cha dirishani. Mama aliniambia kwenye simu kwamba jicho lako la kushoto halikuwashi tena kama zamani na kwamba siku hizi unatengeneza viti vya shule. Kuhusu jicho nilifurahi. Kuhusu viti nilinyamaza, kwa sababu fundi aliyekuwa anachomelea injini za roketi hakupaswa kuishia kwenye viti, na wewe unalijua hilo, na mimi nalijua zaidi. Mimi mwilini sijambo. Nakula, nalala, nakohoa kidogo kwa ajili ya kiyoyozi cha ofisini.

Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu ambaye hata orodha ya sokoni anaiandika kwenye simu. Nimetaka uwe mwandiko wangu, asije mtu akasema kesho kwamba si mimi. Nakuandikia kuhusu ile injini iliyopasuka, kuhusu mshono wako wa kuchomelea, na kuhusu kazi uliyofutwa. Tafadhali soma mpaka chini kabla hujampa wifi. Akitangulia yeye kuisoma, atapanda gari la kwanza kuja kunikaba, na nitakuwa sina la kujitetea.

Unakumbuka nilivyoanza. Nilikuwa darasa la nne, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa karakana, nakusumbua univalishe ile kofia yako ya kuchomelea. Ulikuwa unanifukuza, kisha unanivalisha. Nilipouliza kwa nini moto wa buluu unakata chuma na wa manjano unapaka masizi tu, ulisema nikaulize shule. Shuleni nako mwalimu akasema nitayajua nikifika mbele. Ndivyo nilivyofika chuo kikuu, nikisukumwa na watu waliochoshwa na maswali yangu, na wewe ukanibandika jina la Mbishi. Nikasoma mwako, nikasoma hesabu za gesi zinavyokwenda, mpaka nikajikuta nimeajiriwa kuwasha injini za roketi ndani ya kompyuta. Mama hadi leo anawaambia majirani kwamba natengeneza kompyuta.

Miaka miwili ya kwanza niliijenga modeli yangu. Kwa lugha ya karakana ni injini ya kuigiza: unaiwasha kwenye kompyuta kwanza, ili kama ni kupasuka ipasukie humo. Adui wetu mkubwa ni mtetemo. Ukigonga sufuria tupu inalia muda mrefu. Ukiweka kitambaa ndani inanyamaza upesi. Injini nayo ni hivyo, na isiponyamaza upesi inajitikisa mpaka inajirarua. Modeli ilihitaji namba moja ya kuiambia mtetemo unazimika haraka kiasi gani, na namba hiyo huipati kwa kukuna kichwa. Unawasha injini ya kweli, unalipua fataki ndogo ndani yake, unapima inachukua muda gani kutulia. Nilifanya hivyo mara thelathini na moja. Mara ya thelathini na moja mstari wa modeli na mstari wa injini ya chuma ililaliana mmoja juu ya mwingine, nikatoka nje nikazunguka matangi ya maji mara mbili kwa furaha.

Wakati huo nawe ulikuwa umeshaajiriwa hapo kwetu, na si kwa mgongo wangu, kama walivyokuja kusema. Vipande vitatu ulivyochomelea viliwekwa kwenye mashine ya kuvuta mbele ya wasimamizi. Chuma kilikatika pembeni, mshono ukabaki. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikajitia hamnazo kama sikujui, huku mabega yamepanda mpaka masikioni.

Sasa Mzee wa Slaidi. Mkuu wetu wa kitengo tulimwita hivyo kwa sababu hata kuomba chai alikuwa na slaidi zake. Asubuhi moja alinitaka niweke mafaili yote ya modeli kwenye kabrasha lake kabla ya chakula cha mchana. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya wageni na michoro yangu, rangi nilizozichagua mimi, na jina lake chini. Kwenye slaidi ya shukrani alimshukuru mpaka mpiga picha. Mimi sikuwemo. Nilimfuata kwenye korido nikamuuliza, akatabasamu, akaniambia kwamba kwenye timu hakuna cha yangu wala yako, na kwamba mimi bado mdogo, zamu yangu itafika. Baada ya hapo nilihamishiwa chumba cha kumbukumbu, kuhakiki vipimo vya miaka ya nyuma, na modeli nikakatazwa kuigusa.

Kaka, sikulia. Wewe ulitaka kwenda kumwona, nikakushika mkono nikakwambia achana naye, yameshapita. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeapa nitakula naye sahani moja. Nilikuwa naamka na uso wake, nakwenda kazini na uso wake, na kila alipopita mlangoni kwangu akinisalimia kwa upole ule wake, nilimjibu kwa upole vilevile na kusubiri.

Haikuchukua muda. Miezi mitano baadaye injini ilibadilishwa sahani ya kunyunyizia mafuta, ikawekwa mpya yenye matundu madogo madogo mengi. Namba yangu ilikuwa ya sahani ya zamani. Ukibadilisha sahani, unalipua fataki upya na kupima upya, hakuna njia ya mkato. Mzee wa Slaidi hakulijua hilo. Alichukua sahani mpya akaipa namba ya zamani, na modeli ikamwahidi kwamba injini itatulia kama maji mtungini. Nilipouona mchoro wake ukutani nilirudi chumbani kwangu, nikatoa daftari, nikapiga hesabu kwa kalamu. Kwa makadirio yangu, mtetemo ungeanza baada ya sekunde ya tano na chuma kingeachia kabla ya ya nane. Nikaandika tarehe.

Unaujua utaratibu wetu wa kabla ya kuwasha. Wote tunaohusika tunakaa kwenye meza ile ndefu, mwenyekiti anazunguka mmoja mmoja, na kila mtu anatamka mwenyewe kama ana pingamizi au hana, kisha anatia saini. Mtu mmoja akipinga, injini haiwashwi, hata awe fundi wa kufunga mabomba. Siku ile ulikaa kushoto kwangu, umevaa shati lako la buluu lililonyooshwa. Ulitamka kwa sauti ya mtu anayejiamini, ukasaini, ukanisogezea karatasi.

"Sina pingamizi," nilisema, nikasaini chini yako.

Nilijiambia hakuna atakayeumia, kwa kuwa tutakuwa wote nyuma ya ukuta mnene. Kisha uliomba ruhusa kwenda kuutazama mshono mara ya mwisho. Nilikuona kwenye kioo cha kamera ukiinama, ukipitisha kidole juu yake. Mafuta yalikuwa bado hayajafunguliwa, lakini niliijua injini ile, na mdomo wangu ulibaki umefungwa mpaka ukarudi.

Ilipasuka sekunde ya saba. Nilifurahi, kaka. Usitafute neno jingine, nilifurahi. Wengine walikuwa wameinama chini ya meza, mimi nilikuwa namtazama Mzee wa Slaidi, na rangi ilivyomtoka usoni niliinywa kama mtu mwenye kiu. Nikadhani amekwisha.

Hakuwa amekwisha. Kabla moshi haujaisha alikuwa ameshatuma mpiga picha, na alasiri ile ile akaweka picha ya mshono wako ukutani, umefunguka kutoka ncha hadi ncha. Akasema modeli ilikuwa salama, chuma kilikuwa salama, kilichoshindwa ni mkono wa fundi. Hakueleza kwamba mtetemo ule ungefungua mshono wa fundi yeyote duniani. Pengine hakujua. Mimi nilijua, na nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwako. Walikunyang'anya kitambulisho na cheti siku hiyo hiyo. Nilikusindikiza hadi getini ukiwa umebeba kofia yako kwenye mfuko wa plastiki, na ukaniuliza swali moja tu.

"Wewe ndiye unayejua hesabu zake. Mshono wangu ulikuwa mbaya?"

"Sijui, kaka."

Hukuuliza tena. Uliitikia kwa kichwa, ukaniambia nirudi ndani nisije nikatafutiwa kosa na mimi.

Ningependa kukwambia kwamba dhamiri ndiyo iliyoniamsha. Kama ni dhamiri, ililala miezi minane. Kilichoniamsha ni hiki: mwezi uliopita Mzee wa Slaidi alitajwa kuwa atapandishwa kuwa mkurugenzi, akaniita nimpangie slaidi za kujieleza mbele ya bodi. Moja ilikuwa na kichwa "Mafunzo Tuliyopata", na ndani yake picha ya mshono wako na maneno "uzembe wa kibinadamu". Akaniagiza niikuze picha mpaka walio nyuma waione vizuri. Nikamjibu hakuna shida.

Jumanne saa nne asubuhi bodi ilikaa, yule mama aliyeongoza kamati ya kuuchunguza mlipuko akiwa katikati kama mwenyekiti. Mimi ndiye niliyeshika kompyuta. Ilipofika zamu ya slaidi ile, picha yako haikutokea. Niliweka modeli yangu, na ile sahani mpya, na namba niliyoipima upya kwa siri, siku chache baada ya kuitwa, kwenye injini ndogo ya mafunzo iliyofungwa sahani ya aina ile ile. Nikaiwasha. Chumba kizima kilitazama mstari ukipanda, sekunde ya tano, ya sita, na kwenye ya saba ukaruka nje ya mchoro. Hapakuwa na haja ya kueleza. Nilimgeukia, nikamkazia macho mpaka akakaa chini bila kuambiwa. Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nimeisubiri dakika ile, na sitakudanganya, ilikuwa tamu.

Lakini mtu yule si mjinga. Alipopata pumzi aliniuliza taratibu, mbele ya wote, kama nilikuwa najua namba hiyo inabadilika, ni tangu lini, na kwa nini kwenye mafaili niliyompa hapakuwa na onyo lolote.

Hapa ndipo nilipokuwa napazunguka tangu mstari wa kwanza. Onyo lilikuwepo, kaka. Nililiandika mwenyewe, juu kabisa ya faili, kwa herufi kubwa: UKIBADILISHA SAHANI, PIMA UPYA. Asubuhi ile aliponitaka mafaili nilinusa kwamba anataka kuifanya modeli yake, nikakaa nikautazama mstari huo kama robo saa hivi, kisha nikaufuta. Sikungoja aanguke kwa ujinga wake. Nilimchimbia shimo, nikalifunika, na siku ya siku aliyepita juu yake ni wewe. Hayo ndiyo niliyowajibu. Nikaweka daftari mezani, lenye tarehe, na nikawaonyesha kumbukumbu za faili lile kwenye kompyuta, zinazoonyesha mstari ule, saa ulipofutwa na jina la aliyeufuta.

Uchunguzi umefunguliwa upya. Mzee wa Slaidi amesimamishwa, na mimi nimesimamishwa pamoja naye. Tulirudisha vitambulisho kwenye dirisha moja, yeye mbele mimi nyuma. Sidhani kama nitaigusa injini tena, na kama kuna cha kisheria nitakibeba. Kwake sina majuto hata ya dawa. Majuto yote niliyonayo ni yako.

Jumatatu utaitwa. Yeye ameshaanza kusema kwamba ndugu wawili walikula njama, kwamba ulijua na ukaufanya mshono dhaifu makusudi. Watakuuliza kama niliwahi kukwambia lolote kuhusu namba ile. Nakujua. Utataka kunikinga. Utasema mdogo wako alikuwa na mawazo, alikuwa anaonewa, pengine alikudokezea ukasahau. Nakuomba usifanye hivyo. Neno moja la kunitetea litamfungulia mlango atokee, na wewe utafungiwa ndani pamoja nami.

Waambie la getini. Waambie uliniuliza kwa mdomo wako kama mshono ulikuwa mbaya, na mimi nikakutazama nikasema sijui. Mlinzi alikuwa amesimama pale, alisikia, nimeshawapa jina lake. Mtu aliyekula njama na dadake hamuulizi swali lile. Katika yote niliyokutendea, hilo ndilo pekee linaloweza kukurudishia cheti chako, kwa hiyo liseme lote, na uwaangalie usoni wakati unalisema. Mimi nitakuwa nimekaa chumba hicho hicho. Usinitazame.

Mpe wifi barua hii sasa. Mapacha wasalimie, waambie shangazi yao yuko. Mama usimwambie, nitakwenda mwenyewe Jumamosi nikamweleze, ingawa sijui nitaanzia wapi. Pole kwa jicho, na usiguse moto bila miwani.

Ni mimi mdogo wako,

Mbishi