Mguu wa Mume Wako Mdogo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na usingizi umerudi. Sisi hatujambo, na mume wako mdogo, huyu mjukuu wako, ndiye mzima kutushinda wote. Plasta imetolewa mguuni, na jana alikimbia na kiatu kimoja hadi kwa fundi viatu, mimi nyuma nahema. Kila asubuhi anauliza mke wake yuko wapi. Nimechoka kumdanganya kwamba umekwenda sokoni.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Kaka ameniambia kwamba tangu urudi huko hujabeba mtoto yeyote. Hata wa jirani akiletwa, unasema mikono yako ina mkosi. Nililia, Mama. Tena nilijionea aibu, maana siku ile mume wangu alipokupandishia sauti hospitalini, nilinyamaza.

Tuliporudi kliniki nilimweleza daktari yote: mtoto aliuogopa ule mtelezo wa bati wa kuchezea watoto uwanjani, ukampakata ushuke naye asiogope, kiatu kikanasa ukingoni, mguu ukavunjika. Daktari hakushangaa hata kidogo. Alisema miguu ya namna hiyo anaiona kila mara, na wengi ni watoto waliopakatwa na watu wanaowapenda.

"Angekuwa peke yake, kiatu kikinasa angesimama tu," alisema. "Akipakatwa, uzito wa mkubwa unaendelea kushuka naye, mguu unabaki nyuma."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Jumapili ya kabla ya ajali, yeye mwenyewe alikuwa amempakata na kushuka naye kwenye mtelezo uleule. Ni bahati tu kwamba mtoto hakuumia siku hiyo, yeye hana ujanja wowote. Alinituma nikuombe radhi. Nimemwambia mdomo anao, aje mwenyewe.

Sasa ameandika kwa rangi nyekundu kwenye ngazi ya mtelezo kwamba mtoto ashuke peke yake. Baba mmoja amemnunia, lakini maandishi yapo. Mume wako naye tumemwanzisha kwenye ule mfupi wa pembeni. Mimi nasimama karibu, baba yake anachuchumaa chini na kufungua mikono. Anashuka taratibu, amekunja uso kama hakimu, akifika anacheka peke yake.

Mama, kuna jambo sijamwambia mtu isipokuwa mume wangu. Nina mimba. Huyu wa kwanza ulimwogesha wewe, nami sikujua hata kumshika shingo. Wifi amejitolea kuja safari hii, nami nimekataa kwa adabu. Sitaki mikono mingine. Nataka hiyo hiyo unayoisingizia mkosi.

Akiwa wa kike, umepata mke mwenza. Akiwa wa kiume, utajua mwenyewe utakavyowagawia zamu waume wawili.

Mume wangu atakuja kukuchukua mwisho wa mwezi. Nisalimie Kaka na wa nyumbani kwake. Na mtoto wa jirani akiletwa leo, mbebe, Mama, mikono isije ikasahau.

Ni mimi kitindamimba wako,
ninayekungoja.