Ngola na chupa za Yaya

Siku ya kwanza ya juma, 4 novemba

Tangu asubuhi napakaa ngola. Sakoshi ya tisa, mukoba wa ngozi ya mbuzi. Mikono nyekundu mupaka kwenye kiwiko. Unga mwekundu wa muti wa ngola na mafuta ya mawese, kusugua na kitambaa, kuacha ikauke kivulini, kusugua tena. Mara saba. Papa alinifundisha mimi, si Yaya Dieudo. Kaka yangu mukubwa huyu alikuwa anakimbia harufu ya ngozi mbichi. Leo yeye ndiye patron wa Maison Lofemba, duka letu la ngozi, juu ya kuzaliwa mbele.

Imebaki sakoshi tatu kwa zile kumi na mbili za wamama wa parokia. Mama Véro, président wao, amepita kuangalia. Alibeba moja kama anabeba mutoto. Jubilei yao ni siku ya Mungu hii, tarehe 10, watavaa nyeupe wote.

Nataka watu waone kazi yangu. Miaka kumi na moja nashona kule nyuma, na kule mbele watu wanajua jina la Dieudo tu.

Siku ya pili, 5

Yaya amerudi kutoka Kinshasa na mutu anaitwa Monsieur Thierry, fundi wa parfum. Masanduku ya chupa. Bidon za alcool. Eti maison kubwa zote za ngozi ziliishia kwenye parfum, sisi tunangoja nini. Bon. Chupa wamepanga juu ya meza yangu. Ngozi zangu nimezikuta chini kwenye simenti, karibu na mulango, pale mvua inaingia.

Sikulia. Nilipiga ndoo teke.

Siku ya tatu, 6

Réunion. Nilitaka kuuliza tu nitafanyia kazi wapi. Yaya akanikata, mbele ya Thierry, mbele ya wafanyakazi, mbele ya Mama Véro aliyekuja kuangalia sakoshi zake: "Mado, wewe ni mutu wa ngozi. Mambo ya harufu uachie wenye pua."

Wakacheka. Thierry na meno yote inje.

Pua. Mimi nafunga macho najua ngozi ya mbuzi iliyolala kwenye maji siku mbili na ile ya siku tatu. Yaya anajua nini? Anajua kufunga cravate shingoni.

Nilikula lituma, ndizi za kuponda, peke yangu.

Siku ya ine, 7

Thierry ana wazo. Siku ya Mungu, mbele ya misa, wamama wapite kwetu kuchukua sakoshi, na kila sakoshi ipulizwe parfum, ndani na inje. Harufu itembee nao mupaka kanisani. Ndio lancement yenyewe, parfum ijulikane. Yaya akapiga makofi.

Nilikuwa pale na sindano mukononi. Na najua. Ngola haiogopi maji. Mvua ya hapa inaipiga mwaka muzima na haitoki. Lakini pombe kali inaitoa. Papa alinionyesha: tone moja la lotoko juu ya mukanda, kitambaa kikawa chekundu. Tangu siku ile alikatalia kila mutu kuingia na kikombe cha lotoko kwenye atelier yetu ya kushona. Yaya hakuwa pale, alikuwa kwenye mupira. Na parfum ni nini? Ni alcool, na inapita lotoko kwa ukali.

Nilifungua kinywa. Nikakumbuka ile pua. Nikafunga.

Wenye pua wajue.

Siku ya tano, 8

Sijasema.

Siku ya posho, 9

Nimemaliza ya kumi na mbili. Inapita zote kwa uzuri. Ndani nimeweka alama yangu, kamusalaba ka uzi mweupe.

Yaya alipita, akauliza kama niko mugonjwa juu nanyamaza sana. Nafasi hiyo hapo, mbele ya macho. Nikasema niko muzima. Mama yetu alikuwa anasema hasira hasara. Bon, Mama hakumuona Dieudo na cravate.

Siku ya Mungu, 10

Walipuliza. Wamama walicheka, wakanusiana. Wakatembea mupaka kanisani na joto ile, sakoshi kwapani.

Wakati wa matoleo Mama Véro alitangulia na kikapu. Nguo yake nyeupe ilikuwa nyekundu toka kwapani mupaka kiunoni. Na mikono. Mutu mumoja nyuma yangu akasema damu. Wamama wawili wakamukimbilia na kitenge, wakamufunga, wakamutoa inje. Mama wa miaka sitini. Alikuwa anajitazama, haelewi nini inatoka kwake.

Kisha wengine wakaanza kujitazama.

Nilitaka Yaya apate haya. Haya imemupata Mama Véro. Niko mutu mubaya, naandika hivyo.

Siku ya kwanza, 11

Wamama wote kumi na wawili kwenye atelier. Yaya akawaambia: "Ni rangi ya Mado. Alipakaa haraka haraka."

Rangi yangu. Mara saba kila moja. Damu ilinichemuka, nikashika makasi, nikakata ngozi ovyo. Nilikuwa naweza kusema ni alcool. Lakini wangeniuliza: ulijua?

Mama Véro hakupiga kelele. Akaniuliza kwa upole: "Mado mwanangu, kweli ni rangi?"

Nikatazama chini.

Thierry amepanda ndege. Bidon zake ameziacha. Nawachukia wote wawili, na mimi wa tatu.

Siku ya tatu, 13

Asubuhi nimeingia atelier na kikombe cha lotoko. Kama Papa angeona. Nimeweka mbele ya Yaya, nikatia tone juu ya mukanda wa ngola, nikasugua na kitambaa cheupe. Akaona. Kisha nikamwambia nilijua tangu siku ya ine.

Nilingoja anipige matusi. Nilikuwa na yangu tayari. Akavua cravate tu, akakaa juu ya bidon.

Nikachukua baiskeli ya toleka, ile ya kubeba watu, mupaka mutaa wa Tshopo, kwa Mama Véro. Nimemwambia yote. Akasikiliza akichambua majani ya pondu. Akasema: "Mara ya kwanza ulinyamaza juu ya hasira, naelewa. Lakini nilikuuliza, Mado. Nilikuuliza mimi mwenyewe."

Akanipa nguo yake nyeupe ndani ya sachet. Hakunisindikiza.

Siku ya ine, 14

Maji na sabuni haifanyi kitu. Ni alcool tu inatoa ngola. Yaya amefungua bidon zote za alcool, amemimina kwenye beseni. Tumefua tangu saa mbili, yeye na mimi, nguo kumi na mbili, zile kumi na moja Yaya amezipitia kwa wamama wengine.

Ya Mama Véro nimefua peke yangu. Imekuwa nyeupe. Pale kiunoni imebaki alama kidogo, mutu wa inje hawezi kuiona. Yeye ataiona.

Mikono ya Yaya imekuwa nyekundu mupaka kwenye kiwiko. Aliitazama, akaniuliza inachukua siku ngapi kutoka. Nikamwambia yangu haijawahi kutoka.