Kwani Waya Una Miguu?

Shoga, nimefanya unyama leo.

Asubuhi kabla ya kwenda kupiga video ya harusi, msaidizi wangu alishika bisibisi akitaka kukaza waya wa video kwenye kile kiskrini cha kurekodia kilicho juu ya kamera. Nikamfokea, "Achana nao, tumechelewa! Kwani waya una miguu?"

Basi tuko ukumbini, baba wa bibi harusi kamkumbatia bintiye, analia, na mimi machozi yananitoka. Kuja kutazama skrini, nyeusi tii! Waya umechomoka, unaning'inia. Hakijarekodiwa kitu. Hakuna!

Mama wa bibi harusi akauliza, "Nani alifunga huu waya?"

Nikamnyooshea kidole msaidizi. Mimi, shoga! Kidole hiki hiki!

Sasa hivi yuko mlangoni mwa ukumbi anamwomba yule baba msamaha, na bisibisi bado anayo mkononi.